Msomaji Anayelisubiri Joto la Juni

MASWALI YA WASOMAJI: HALI YA HEWA

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja na nimeishi Maskati tangu nilipokuwa kijana wa miaka kumi na minane. Sasa nimetimiza hamsini na minane. Ninakuandikia kwa sababu nina mapenzi ambayo watu wa nyumbani kwangu hawayaelewi, nayo ni mapenzi ya joto kali. Ukiingia mwezi wa Mei wenzangu huanza kupanga safari ya Salalah kufuata manyunyu ya kharif, yaani msimu wa mvua nyepesi wa huko, au hupanda Jabal Akhdar wakalale kwa blanketi, lakini mimi ndipo moyo wangu unapochangamka. Saa nane mchana, mtaa mzima ukiwa umefunga madirisha na viyoyozi vikinguruma, mimi hutoka uani nikasimama chini ya mtende, nikausikiliza ukimya ule, nikayatazama mazigazi yanavyotetemeka juu ya lami, na upepo wa gharbi ukanipiga usoni kama wa mtu aliyefunua tanuri.

Tarehe 26 Juni 2018 nilikuwa Quriyat kwa shemeji yangu, siku ambayo baadaye ilitangazwa kwamba joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa ishirini na nne. Nilipotoka kuswali alfajiri ukuta wa msikiti ulikuwa bado wa moto. Watu walilalamika, lakini mimi nilijiona kama aliyejaliwa kushuhudia kupatwa kwa jua. Tangu siku hiyo nina daftari, na kila siku ya kiangazi huandika humo joto nililoliona.

Mwaka jana, kwenye barabara ya Quriyat, kipimajoto cha gari langu kilionyesha nyuzi 56. Nilipiga picha nikawatumia jamaa zangu wote mpaka Zanzibar. Mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa fizikia, akanijibu kwamba namba ile si ya kweli, nami nikakasirika. Mwezi uleule mtunza bustani wa jirani yangu, kijana aliyekuwa na wiki moja tu tangu aje Oman, alianguka akichimba mashimo ya miche saa saba mchana, akalazwa siku nne. Alipona, alhamdulillahi. Lakini tangu hapo nikisikia utabiri wa nyuzi 49 nafurahi, kisha najiona mkosaji.

Nina maswali matatu. Kwa nini Quriyat iwe na usiku wa namna ile? Je, nyuzi 56 zangu ni za uongo? Na je, ni kosa kulipenda jambo linaloumiza watu? Niongeze kwamba natumia dawa za shinikizo la damu.

Mpenzi wa Jua, Maskati

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa, maana mtu anayetoka alfajiri akaugusa ukuta wa msikiti ili ajue usiku umepoa au haukupoa ndiye msomaji ambaye ukurasa huu uliandaliwa kwa ajili yake. Nitakujibu kwa mpangilio ulioniulizia, ingawa swali la pili ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Quriyat iko pwani, kusini-mashariki ya Maskati, na nyuma yake imesimama milima ya Hajar, ambayo kilele chake kirefu, Jabal Shams, kinafikia mita 3,000 hivi. Nyuma ya milima hiyo liko jangwa. Kiangazi, upepo unapotoka bara na kuivuka milima kuja baharini, hewa yake hulazimika kuteremka, na hewa inayoteremka hubanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake. Kubanwa huko peke yake, bila moto wala jua, huipandisha hewa kavu joto kwa karibu nyuzi 10 kila inaposhuka mita 1,000. Kwa hiyo hewa iliyokwisha pata joto jangwani huongezewa jingine kabla haijafika kwenye nyumba ya shemeji yako. Huo ndio gharbi unaokupiga usoni.

Usiku mambo huwa ya ajabu zaidi. Kwa kawaida jua likizama, ardhi hutoa joto lake kwenda angani, hewa iliyolala juu ya ardhi ikapoa kwanza, na kama kumetulia hewa hiyo baridi hubaki chini kama maji bondeni. Upepo wa mlimani ukivuma usiku kucha huivuruga hewa hiyo isipate kutulia, ukaleta mahali pake hewa nyingine ya moto kutoka juu. Ndiyo maana ukuta wa msikiti ulikuwa na joto alfajiri, na ndiyo maana wafuatiliaji wa hali ya hewa wa dunia nzima waliizungumzia Quriyat wiki ile: haikujulikana kumbukumbu nyingine ya siku ambayo kiwango cha chini kabisa cha joto kilikuwa juu kiasi hicho. Uliposema ulijiona kama aliyeshuhudia kupatwa kwa jua, hukukosea hata kidogo, na mimi ningetoa kitu cha thamani niwe nimesimama hapo pamoja nawe.

Liko jambo jingine ambalo huenda umeliona uani kwako bila kulipa jina. Maskati iko karibu mno na mstari wa Tropiki ya Kansa, kwa hiyo kwenye tarehe 21 Juni jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa na kivuli cha mtu kikamezwa na nyayo zake. Kwetu Unguja jua hupita utosini mara mbili, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, lakini bahari imetuzunguka na haituruhusu kuzipanda ngazi za juu za kipimajoto. Mtu aliyelelewa na kaskazi ya Unguja, kisha akakutana na Juni ya Oman, amekutana na jua lilelile likiwa limeondolewa mkono wa kulizuia. Sishangai kwamba lilikuteka ukiwa kijana.

Sasa tuje kwenye nyuzi 56. Mpwa wako amesema kweli, na nakuomba umpigie simu umwambie hivyo, ingawa neno uongo silipendi, kwa sababu gari lako halikudanganya. Lilipima kitu kingine. Kipimajoto cha gari hufungwa mbele, chini, karibu na barabara, na mchana wa Juni lami nyeusi huwa na joto kubwa kuliko hewa iliyo juu yake. Ongeza joto la injini, hasa gari likienda polepole au likiwa limesimama, na namba hupanda. Joto la uso wa ardhi ni jambo jingine kabisa. Setilaiti zimekwisha kupima nyuzi 80.8 juu ya mchanga wa jangwa la Lut, Iran, na hakuna anayesema kwamba hewa ya Iran ilifikia kiwango hicho. Tunapotaja rekodi ya joto tunamaanisha hewa, iliyopimwa kivulini, kwenye urefu wa kifua cha mtu au juu yake kidogo, ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za vibao vilivyoinamishwa ili upepo upite na jua lisipite.

Usijione mjinga. Kosa kama lako liliwahi kuishi kwenye vitabu vya dunia kwa miaka 90. Tarehe 13 Septemba 1922, mahali paitwapo El Azizia, kusini mwa Tripoli nchini Libya, iliandikwa nyuzi 58, na kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi, nikiwamo mimi, tulikariri kwamba hapo ndipo dunia ilipopata joto kuliko kote. Kisha Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaunda jopo la kuichunguza upya namba hiyo. Mmoja wa wajumbe alikuwa Khalid El Fadli wa idara ya hali ya hewa ya Libya, ambaye aliupata ukurasa wenyewe wa daftari la 1922. Uchunguzi ulikuwa bado unaendelea vita vya 2011 vilipolipuka nchini mwake, na kwa miezi kadhaa wenzake hawakujua kama yu hai, mpaka alipopatikana tena na kazi ikaendelea.

Ukurasa huo ulieleza mengi. Siku mbili kabla ya rekodi, mwandiko ulibadilika: mpimaji mpya alikuwa ameanza kazi, na baadhi ya namba akaziandika kwenye safu zisizo zake. Chombo alichokitumia kilikuwa cha namna ya zamani, ambamo zebaki husukuma kijiti kidogo ndani ya kioo, na joto husomwa kwenye ncha ya chini ya kijiti hicho. Asiyefundishwa angeweza kusoma ncha ya juu, na urefu wa kijiti ulikuwa sawa na nyuzi 7 hivi. Juu ya hayo, kipimajoto kilikuwa juu ya sakafu nyeusi iliyofanana na lami, na vituo vya jirani havikuonyesha joto la namna hiyo siku ile. Mwezi Septemba 2012 rekodi ikafutwa.

Nafikiria sana habari za mpimaji yule asiye na jina kwetu. Hakukusudia ubaya. Lakini nawafikiria zaidi wote waliokuja baada yake, ambao walikuwa na sababu za kutilia shaka na hawakutaka, kwa kuwa 58 ilikuwa namba tamu. Baada ya Azizia kuondolewa, rekodi rasmi ni ya Furnace Creek katika bonde la Death Valley huko Marekani, nyuzi 56.7, tarehe 10 Julai 1913, na hiyo nayo wako wataalamu wanaoitilia shaka. Karibu nasi, Mitribah nchini Kuwait ilipata 53.9 tarehe 21 Julai 2016, ikapimwa kwa vyombo vya kisasa, na vyombo vyenyewe vikakaguliwa baadaye kabla Shirika halijaikubali. Mimi naiheshimu 53.9 hiyo kuliko 58 ya kale, na naamini ukilitazama daftari lako kwa utulivu utaona hivyo pia, kwa sababu anayelipenda joto kweli hutaka kujua lilikuwa kiasi gani, na namba iliyoongezewa na lami inamnyima jambo hilohilo analolitaka.

Kwa hiyo tengeneza kituo chako cha kupimia joto. Fundi seremala yeyote wa mtaani kwako anaweza kukutengenezea kisanduku cheupe chenye pande za vibao vilivyoinamishwa kama vya madirisha ya zamani ya Mji Mkongwe, kiwe na paa la tabaka mbili lenye nafasi ya hewa katikati. Kiinue mita moja na nusu hivi kutoka ardhini, juu ya udongo wa kawaida na si juu ya saruji, mbali na ukuta na mbali zaidi na sehemu ya nje ya kiyoyozi, ambayo hutema hewa ya moto mchana kutwa. Weka humo kipimajoto chenye kukumbuka joto la juu na la chini la siku. Kisome kila siku saa ileile, na uandike pia saa uliyokisoma, upepo ulikotoka na kama kulikuwa na vumbi. Zile kurasa za zamani usizichane. Andika tu juu yake kwamba ni za gari.

Katika kisanduku hichohicho nakuomba uweke kipimajoto cha pili, ambacho chini yake kimefungwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji. Maji yakikauka hukipoza, kama jasho linavyoupoza mwili, na kwa hiyo chenyewe kinakusogeza karibu na yale yanayompata mtu. Hewa ya nyuzi 48 yenye unyevu wa asilimia 10, yaani gharbi wako wa kweli, huonyesha takriban 23 kwenye kitambaa; Dar es Salaam mchana wa Februari, nyuzi 33 na unyevu wa asilimia 60, ni karibu 27; na siku ya Julai huko kwenu, upepo ukigeuka kutoka baharini, nyuzi 36 zenye unyevu wa asilimia 70 hufika 31. Siku hiyo ya mwisho, ambayo kipimajoto cha kawaida huionyesha kuwa ya upole, ndiyo ya hatari. Wanasayansi waliandika mwaka 2010 kwamba ikifika 35 kwenye kitambaa mwili hauwezi tena kujipoza hata ukikaa kivulini bila kazi, na majaribio ya baadaye kwa vijana wenye afya yameonyesha kwamba mwili huanza kushindwa kabla ya hapo. Utagundua, nadhani, kwamba siku unazozipenda ni zile kavu. Fukuto la pwani hukulitaja hata mara moja kwenye barua yako.

Limebaki lile la kijana wa bustani, ambalo naona ndilo lililokufanya uandike. Joto halikupanda kwa kuwa wewe ulilifurahia, na lisingeshuka kama ungelichukia. Lakini uliona jambo ambalo wengine hawakuliona, nalo ni kwamba alikuwa na wiki moja tu. Mwili huchukua kati ya wiki moja na mbili kulizoea joto: damu huongezeka maji, jasho huanza mapema na hutoka kwa wingi likiwa na chumvi kidogo. Vifo vingi vya joto kazini hutokea katika siku za mwanzo, kabla mabadiliko hayo hayajakamilika. Wewe una miaka arobaini ya Maskati mwilini mwako, na yeye alikuwa na siku saba. Sheria ya Oman inazuia kazi kwenye maeneo ya ujenzi na sehemu nyingine za wazi zenye joto kali kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu alasiri, Juni hadi Agosti, lakini mtunza bustani wa nyumbani hana msimamizi wa kumwita kivulini. Ana jirani. Wewe ndiye mtu wa mtaa ule anayejua siku mbili kabla kwamba gharbi unakuja. Gonga mlango wa jirani yako jioni ya kutangulia, mwambie kesho mashimo yachimbwe alfajiri.

Tena ujue dalili, kwa kuwa saa nane mchana huenda ukawa wewe pekee uliye nje. Anayechanganyikiwa, anayetamka maneno yasiyoeleweka au anayeyumba juani, huyo amefikwa na kiharusi cha joto, na kila dakika ina thamani: mwingize kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, itisha gari la wagonjwa, na usimnyweshe kitu akiwa hana fahamu. Katika Hija ya mwaka 2024, joto la Makka lilipopita nyuzi 51, mamlaka za Saudia zilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu waliotembea masafa marefu juani bila kivuli. Nalitaja hilo kwa huzuni na kwa sababu najua wasomaji wetu wengi walikuwa na jamaa huko.

Kuhusu dawa zako: baadhi ya dawa za shinikizo la damu huongeza mkojo, na nyingine hupunguza uwezo wa mwili kupambana na joto, kwa hiyo kabla ya Mei mwulize daktari wako kwa kumtajia wazi kwamba hukaa nje saa nane mchana. Usizipunguze mwenyewe. Na kusimama chini ya mtende kuwe kwa dakika, maji yakiwa mkononi na mama wa nyumbani akijua uko wapi. Ninaamini akiliona daftari lenye safu mbili, la hewa na la kitambaa, ataacha kukuita mwenye wazimu wa jua. Na kama rutabu za kwanza za mtende huo huiva kwa ajili ya joto hilohilo, basi yeye naye anashiriki mapenzi yako kila anapokula.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari Lubumbashi. Mwalimu alituuliza ni mahali gani Afrika penye joto kuliko pote, tukabishana darasa zima. Tusaidie.

JIBU: Mlibishana kwa haki, kwa sababu swali lina majibu mawili. Ukitaka siku moja yenye joto kuliko zote, rekodi inayotajwa rasmi kwa Afrika ni ya Kebili, Tunisia, nyuzi 55 mwezi Julai 1931, nayo ni ya zama zile za Azizia na ina wanaoitilia shaka. Ukitaka mahali ambapo joto halina likizo, jibu langu ni Dallol, Ethiopia, katika bonde la Danakil, ambalo sehemu zake ziko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Hapo wastani wa mwaka mzima, usiku na mchana, kiangazi na kipupwe, ulikuwa nyuzi 34 na nusu hivi, na hakuna mahali pengine palipokaliwa na watu ambapo kumepimwa wastani mkubwa kuliko huo. Mwambie mwalimu wako, hata hivyo, kwamba namba hizo ni za miaka ya 1960 hadi 1966, wakati watafuta madini walipokuwa na kambi hapo na mtu wa kukisoma kipimajoto kila siku. Kambi sasa ni magofu ya matofali ya chumvi.